Mahitaji Hayasubiri Zamu

Akina mama wenzetu, katika kazi ya uuguzi yapo makosa yanayosahaulika na yapo yanayokataa kusahaulika. Hili tunalotaka kuwasimulia ni la aina ya pili. Lilitokea mwaka 2007 wilayani Muleba, mkoani Kagera, na waliolitenda si watu wengine, ni sisi wenyewe.

Tulikuwa bado wachanga kazini. Stashahada tulikuwa tumeipata juzijuzi, na kichwa kilikuwa kimejaa yale tuliyofundishwa. Siku za kazi tulikuwa kwenye kliniki ya watoto, na Jumamosi tulifuatana na akina mama wa kanisa letu la Bukoba mjini kuwatembelea wagonjwa na wazee vijijini. Huko kliniki alikuwa akija bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume wa miaka mitatu. Wazazi wa mtoto walikuwa wamefariki wote wawili. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ulilala miezi miwili, na mwezi wa tatu ukaanza kushuka.

Mtu asiyeujua mkoa wetu atashangaa. Ukitoka Bukoba kwenda Muleba unapita katikati ya migomba hadi unachoka kuitazama. Njaa inatoka wapi? Lakini ndizi hushibisha tu. Mtoto anayelishwa ndizi asubuhi na jioni, bila maharage, bila dagaa, bila yai wala maziwa, analala ameshiba huku mwili wake ukikosa cha kujengea. Tena mwaka uliotangulia, 2006, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia Muleba, na bibi huyu alikuwa amelazimika kukata na kufukia sehemu kubwa ya kibanja chake. Kwa hiyo hata hizo ndizi zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Tukawaeleza akina mama wa kanisa. Wakachanga, tukanunua kuku watatu wanaotaga, tukampelekea. Tukamwelekeza vizuri: yai moja kila siku, la mtoto, si la mtu mwingine. Bibi alitushukuru sana. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa kavu za kutafuna, kama ilivyo desturi ya Wahaya kumpokea mgeni. Tukamwambia, "Asante Bibi, tuna haraka, gari litatuacha." Ukweli ni kwamba gari lilikuwa bado. Tuliona tu kwamba kahawa ile imepitia mikono mingi, nasi tulikuwa wauguzi tunaojua habari za vijidudu. Jambo hili la kahawa likumbukeni, tutalirudia.

Mwezi uliofuata uzito haukupanda. Tukaenda kwake bila kuarifu. Kuku alikuwa amebaki mmoja. Mmoja alichinjwa walipofika wageni kutoka upande wa marehemu mkwewe. Mwingine alipelekwa kwenye msiba wa jirani. Na mayai je? Machache alikula mtoto. Mengine yaliuzwa, fedha ikanunua chumvi na sabuni, na iliyobaki ikalipa mchango wa chama cha kuzikana.

Tukakasirika. Tukasema maneno, tena mbele ya majirani wawili waliokuwa wamepita kusalimia. Tulimwuliza kama anampenda mjukuu wake au anapenda sifa za kijijini. Naam, tulisema hivyo, kwa mama mwenye umri wa bibi yetu mzaa mama.

Hakutujibu kwa hasira. Alikaa kimya akikunja na kukunjua pindo la kanga yake, kisha akasema, "Sista, mwanangu, nimezika watoto watatu hapo nyuma ya nyumba. Makaburi yote matatu yalichimbwa na watu wa kijiji hiki. Mwenzao akifiwa, mimi niende mikono mitupu? Na huyu akinifia, au nikifa mimi nikamwacha, nani atakuja hapa?"

Hatukuwa na jibu, tukaondoka na hasira zetu. Mwezi uliofuata bibi hakuja kliniki. Wala uliofuata. Tulipomwona tena ilikuwa miezi minne baadaye, wodini, akiwa amembeba mtoto aliyevimba miguu na uso, nywele zimegeuka rangi, hataki kula, hataki hata kulia. Mama yeyote aliyewahi kuuguza mtoto mwenye unyafuzi anaujua ukimya ule.

Ngazi tuliyochorewa chuoni

Tulimkaripia bibi yule kwa sababu tulikuwa na picha kichwani. Kila aliyesomea uuguzi, ualimu au maendeleo ya jamii ameiona: pembetatu iliyogawanywa ngazi tano. Chini kabisa yapo mahitaji ya mwili, yaani chakula, maji, hewa, usingizi. Juu yake usalama. Kisha kupenda na kupendwa. Kisha heshima. Na kule kileleni, mtu kukitimiza kile alichoumbwa akiweze. Mwalimu alitueleza kwamba mtu hapandi ngazi ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Kwa hesabu hiyo bibi alikuwa amekosea ngazi: anapeleka kuku kwenye heshima wakati nyumbani tumbo halijamaliza haja yake.

Mafundisho hayo hutajwa kwa jina la Abraham Maslow, Mmarekani, mtaalamu wa saikolojia, aliyeyatoa katika makala yake ya mwaka 1943. Miaka mingi baadaye, tulipopata nafasi ya kujisomea kwa utulivu, tulishangaa. Piramidi ile hakuichora yeye. Ilichorwa na watu wengine baadaye, hasa waliokuwa wakifundisha mameneja jinsi ya kuwahimiza wafanyakazi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mpangilio ule si mgumu kama unavyodhaniwa, na kwamba haja moja haingoji nyingine imalizike ndipo ianze. Alitoa hata mfano wa tarakimu, huku akikiri kwamba anazikisia tu: mtu wa kawaida pengine ametimiziwa haja za mwili asilimia 85, za usalama 70, za upendo 50, za kujiheshimu 40, na za kule juu 10. Maana yake zote zinaishi ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kila moja ikidai kwa sauti yake. Hakuna inayosubiri zamu.

Jambo jingine ambalo mwalimu wetu hakutuambia, huenda naye hakuambiwa, ni kwamba mwaka 1938 Maslow alikwenda Kanada kuishi kwa muda mfupi na wenyeji wa kabila la Blackfoot. Aliona huko kwamba mtu anayeitwa tajiri na kuheshimiwa si yule aliyelimbikiza, bali yule aliyegawa. Tuliposoma hayo tulicheka kidogo, maana tungeweza kumwokolea nauli ya Kanada. Angefika Muleba akamtazama bibi anayepeleka kuku msibani.

Sisi wauguzi tulikuwa na mwalimu mwingine pia, Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliyeorodhesha mahitaji 14 ya mgonjwa. La kwanza ni kupumua, la pili kula na kunywa. Tulikuwa tukiyakariri kwa ajili ya mtihani. La 11 ni kuabudu kwa kadiri ya imani yake, na la 12 ni kufanya kazi inayompa mtu kuona kwamba ametimiza jambo. Tazameni jinsi mtu anavyoweza kukariri jambo, akafaulu, na asilijue. Bibi alikuwa akituonyesha la 12 kwa vitendo, nasi tukaona ni ukaidi.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba njaa ni jambo dogo. Mtoto yule alipofikishwa wodini hatukuanza na mazungumzo ya heshima. Tulimfunika apate joto, tukapima sukari ya damu, tukampa maziwa maalumu kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana, maana mtoto wa namna ile ukimshibisha kwa pupa unaweza kumwua. Tumbo lina haki yake, na kuna saa ambapo haki hiyo hutangulia.

Lakini hata hapo kuna funzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali una hatua 10. Nane zahusu sukari, joto, maji, maambukizo, maziwa na mengine ya mwili. Ya tisa ni kumchangamsha mtoto: kumbeba, kucheza naye, kumwimbia, kumpa vitu vya kushika, kumpa upendo. Imeandikwa humo pamoja na dawa, si kama pambo. Wodini hatukuwa na vitu vya kuchezea. Bibi alitengeneza mpira wa majani makavu ya mgomba, akawa anaubingirisha kitandani kutwa nzima na mtoto hautazami. Siku ya tisa au ya kumi akaushika. Jioni ile alimaliza kikombe chake cha maziwa kwa mara ya kwanza. Wauguzi wakongwe walitufundisha kuangalia tabasamu kabla ya kuangalia mzani, nao walikuwa wamesema kweli.

Majaribio ya wataalamu yanakubaliana na wakongwe hao. Mwaka 1958, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alieleza jinsi alivyowatenga watoto wa nyani na mama zao, akawawekea mama wawili wa kubuni: mmoja wa waya, mwingine amevikwa kitambaa laini. Hata pale ambapo chuchu ya maziwa ilikuwa kwa yule wa waya, watoto walikwenda kunyonya upesi na kurudi kumkumbatia yule wa kitambaa, saa nyingi za siku. Jaribio hilo lilikuwa la kikatili, wala hatulipendi, lakini liliwanyamazisha waliokuwa wakisema kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu.

Chumvi, sabuni na viatu

Kwa nini bibi wa miaka karibu 70 alikuwa akilea mtoto wa miaka mitatu? Wasomaji wa Kagera hawana haja ya kuuliza. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, huko huko Muleba. Wengine wakati ule waliuita Juliana, kwa jina la nguo za kisasa zilizokuwa zikivuka mpaka kutoka Uganda. Watafiti walipopima damu mwaka 1987, walikuta Bukoba mjini karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba mmoja kati ya kumi. Dawa za kufubaza virusi zilianza kuenea katika nchi yetu kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati, na makaburi yake. Waliobaki kulea ni mabibi.

Katika kijiji cha Nshamba, mwishoni mwa miaka ya tisini, ulianzishwa mradi wa kuwasaidia yatima ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Jina lenyewe lina habari. Yatima walihitaji daftari na chakula, lakini walihitaji pia mtu wa kukaa nao wanapolia, na walihitaji kusikilizwa. Baadaye vijana hao wakawa na chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakisaidiana na kuwasaidia wengine. Yatima aliyekuwa anangoja kuhurumiwa akajikuta anabeba maji ya mzee wa jirani. Mnaona kwamba ni lile lile la bibi na kuku?

Mwaka 2003, hapo hapo Nshamba, ukaanza mradi mwingine unaoitwa Kwa Wazee. Huu uliwapa wazee, hasa mabibi wanaolea wajukuu, fedha taslimu kila mwezi, shilingi elfu chache tu, bila kumwagiza mtu anunue nini. Wakati ule wapo waliotikisa kichwa, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Tulisema mabibi watazimaliza kwa mambo yasiyo na maana, bora wapewe unga. Taarifa ya utafiti juu ya mradi huo ilitoka mwaka 2008, na jina lake peke yake lilitosha kutujibu: ilizungumzia chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Fikirini chumvi, akina mama. Chumvi ni kitu ambacho ukikikosa unatuma mtoto kwa jirani, na ukituma mara ya nne jirani anaanza kuzima taa mapema. Sabuni ni kitu ambacho mjukuu akikikosa hukaa nyuma ya darasa kwa sababu wenzake wanaziba pua. Ndivyo fedha ile ilivyofanya kazi: ililisha, ndiyo, lakini ilimtoa pia bibi katika kuombaomba, na ikamrudisha katika kundi la watu wanaoweza kusema, "Na mimi nimo." Mabibi hawakuwa wajinga wa matumizi. Walikuwa wakijua haja zao zote, si zile tu zilizoandikwa kwenye fomu zetu.

Tukiwa bado Nshamba, liko jambo la zamani ambalo wazee wa huko hulikumbuka kwa mshangao. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, si mbali na hapo, wasichana watatu walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Wakaambukizwa wengine, hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Shule ikafungwa mwezi wa Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na hali hiyo ikaonekana Nshamba na baadaye katika shule ya wasichana karibu na Bukoba mjini. Madaktari walipima damu, wakapima chakula, hawakukuta kijidudu wala sumu. Waliochunguza habari hiyo wameiona kuwa ni mwili kutoa nje kile ambacho nafsi imeshindwa kukisema. Bweni lilikuwa na chakula na vitanda. Wasichana walikuwa mbali na mama zao, chini ya amri kali, katika nchi iliyopata uhuru mwezi uliotangulia huku kila mtu akiwatarajia makubwa. Hatutaki kujifanya tunajua mioyo ya watoto wale. Tunachokijua ni kwamba mtoto wako akishiba na bado anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, dawa ya minyoo isiwe swali lako la pekee.

Nyumbani kwetu

Inatupasa sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuzungumza habari za mabibi wa watu.

Mtoto wetu wa pili alipokuwa darasa la tatu alikuwa akipenda kusoma. Alisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi. Sisi kwa kufurahi tukamwahidi shilingi mia kwa kila kitabu atakachomaliza. Alisoma kwa kasi wiki tatu, akichagua vitabu vyembamba zaidi. Fedha ilipotuishia, na kusoma kukaisha. Tulidhani mtoto amekuwa mvivu. Kumbe tulimgeuza mpenda vitabu kuwa kibarua, na kibarua asipolipwa huweka jembe chini. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani walilipima jambo hilo hilo kwa watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti chenye utepe, baada ya siku chache walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Si kwamba zawadi ni dhambi. Zawadi ya kushtukiza haikuwadhuru watoto wale. Kilichodhuru ni kuwafanya waone kwamba kuchora ni kazi ya kufanyia malipo.

Hata kanisani tumeliona. Ulikuja mradi mmoja uliotaka kutusaidia sisi watembeleaji wa wagonjwa kwa kutupa posho ya kila ziara. Tuliipokea, hatutaki kudanganya. Mradi ulipofunga ofisi, kundi la watu zaidi ya 20 likabaki na watu sita, ambapo kabla ya posho wote walikuwa wakitembea kwa miguu bila kudai. Hatusemi watu wafanyishwe kazi bure, mama mwenye watoto anahitaji nauli. Ila kulikuwa na njia ya kutupa nauli bila kutuwekea bei kwenye huruma.

Na sisi wenyewe je, tulioolewa na kuzaa? Akina mama wengi huja kliniki wakilalamika kichwa, mgongo, usingizi. Presha iko sawa, damu ipo, malaria hakuna. Ukikaa naye dakika kumi atakuambia kwamba amepika na kufua miaka 15 na hajasikia mtu akisema ugali umeiva vizuri. Mumewe analeta mahitaji yote, hana ulevi, anashangaa mkewe ananuna nini. "Amekosa nini katika nyumba hii?" Ni swali lile lile tulilomwuliza bibi. Wataalamu wawili, Edward Deci na Richard Ryan, wamefundisha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya mahitaji ya mwili kila mtu ana haja tatu za nafsi: kuwa na uamuzi katika mambo yake, kujiona anaweza, na kuwa na watu wanaomjali naye akiwajali. Mama asiyeruhusiwa kuamua hata bei ya chane ya ndizi alizolima mwenyewe hana ya kwanza. Tena tuseme na upande wa pili, kwa haki: ni wangapi kati yetu tumewasifu waume zetu tangu mwaka uanze, mbali na siku ya mshahara?

Elia, alipokuwa amechoka na kuomba kufa chini ya mti, hakukaripiwa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akapewa tena. Baadaye akaulizwa swali na kuachwa ajieleze, akapewa kazi ya kufanya, na akaambiwa kwamba hayuko peke yake. Sisi tulikuwa tukiisoma habari hiyo kila mwaka, na kwa bibi tulianza na karipio.

Mtoto aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya wiki tano. Mapema mwaka 2008 tulikwenda Muleba, safari hii bila kuku na bila kadi mkononi. Tulikuwa tumejipanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, na tulipofika hayakutoka kama tulivyoyapanga. Tulisema tu, "Bibi, tulikukosea mbele ya watu. Tumekuja kukuomba msamaha, na tukiweza tuwaite wale majirani." Akasema majirani wasiitwe, wako shambani. Akaingia ndani, akatoka na kile kikapu cha kahawa.

Tulikaa chini kwenye nyasi alizotandika, tukatafuna. Ni chungu, kisha kunabaki ladha nzuri mdomoni. Alitutazama mpaka tulipomeza, ndipo akaanza kuzungumza. Alituambia kwamba zile miezi minne hakuja kliniki kwa sababu majirani wale walikuwa nao wakija siku ile ile, na hakuweza kupanda kwenye benchi moja nao baada ya yale tuliyosema. Hivyo tu. Mtoto alikaribia kufa kwa sababu ya benchi.

Tulimwuliza swali ambalo hatukuwahi kumwuliza: kuna jambo gani angependa kutusaidia? Akafikiri. Akasema kuna msichana nyumba ya nne kutoka kwake, amezaa akiwa shuleni, anaona haya kuonekana kliniki, na mtoto wake hajachanjwa. "Nyie mkienda atajificha. Mimi atanifungulia." Mwezi uliofuata tulimwona bibi akiingia getini amemshika yule msichana mkono, mjukuu wake akitembea mbele na mpira wa majani ya mgomba. Mtoto mchanga alichanjwa siku hiyo. Kufikia Krismasi alikuwa amewaleta wasichana watatu, na mayai ya yule kuku mmoja aliyebaki, ambaye sasa alikuwa na vifaranga, aliyagawa kwa mpango wake mwenyewe: kwanza mtoto, kisha chama.

Siku ile ya kahawa, tulipoaga, alikata mkungu kutoka kwenye migomba michache iliyokuwa imesalimika na mnyauko, akasema ni wa watoto wetu wa Bukoba. Tulijua hesabu ya mikungu yake. Tukatazamana, tukaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito, tuliubeba kwa zamu hadi barabarani, na kondakta akatutoza nauli yake kama abiria.